Kilemba Kiitwacho Usivuke

Habari ya kwamba Orsine anahamia Uholanzi, Hermina aliipata sokoni kwa muuza samaki, na hilo ndilo lililomkata maini kuliko safari yenyewe. Angeipata kwa Orsine mwenyewe angelia, angetukana, angevunja sahani moja au mbili, na mambo yangeendelea. Lakini kuambiwa na Kornelia, mbele ya wateja, huku Kornelia anaparua magamba na kuyarusha mpaka kwenye mboga alizokuwa anauza Hermina meza ya jirani!

"Pole, shoga," Kornelia alianza.

"Pole ya nini? Mama yangu mzima, nimemwacha nyumbani anatukana majirani."

Kornelia akashusha kisu. "Usinifanye mtoto, Hermina. Tiketi imefika. Nelline anakuja mwenyewe kumchukua mama yake. Jumapili ya mwisho wa mwezi sherehe yake ya kutimiza miaka hamsini, Jumatano inayofuata ndege. Ina maana hukuambiwa?"

"Nimeambiwa. Kwani mimi huambiwa na nani mambo ya nyumba ile? Na wewe?"

Uongo mtupu. Akaanza kupanga upya mafungu ya mboga ambayo yalikuwa yamepangika, na mteja aliyeuliza bei alijibiwa kwa ukali hata akaenda meza ya pili.

Mwaka ule kila mtu alikuwa anaondoka Paramaribo, mji wetu, kwenda Uholanzi. Mholanzi alikuwa anatupa uhuru, bendera mpya ilikuwa karibu kupandishwa, na watu waliitazama siku hiyo kwa hofu kama siku ya mtihani. Ua uliokuwa na familia sita ulibaki na mbili. Mbwa walizurura bila wenyewe. Hermina aliwaona majirani wakiuza vitanda na kabati, akawaaga, akawapa mikate ya muhogo na nazi wale njiani, na hata siku moja haikumjia akilini kwamba zamu ya Orsine itafika.

Hermina na Orsine walikuwa mati, na kwetu neno hilo halinong'onwi. Ni wanawake wawili waliopendana, wakalala kitanda kimoja, wakaleleana watoto na kuuguziana wazazi. Wanaume walikuwepo pia, walikuja wakaondoka, wengine waliacha watoto na wengine waliacha kofia tu. Mati hakuondoka. Wake wa wakubwa na watu wa mstari wa mbele kanisani walijifanya hawajui jambo hilo ni nini, ilhali mama zao walilijua vizuri kuliko sala ya Baba Yetu. Miaka kumi na tisa Hermina alikuwa na nyumba yake, Orsine na yake, mitaa miwili katikati, na njia ile waliikanyaga mpaka majani yakakoma kuota. Nelline alikuwa na miaka minane walipoanza. Hermina ndiye aliyemsuka nywele za shule, naye Nelline akamwita Mama Hermina mpaka alipopanda ndege na miaka yake kumi na sita.

Sasa utauliza, kama walipendana hivyo, si angemwendea tu amwambie, mwenzangu, nimesikia, usiende? Ungekuwa umekulia uani kwetu usingeuliza. Mati aliyekomaa habembelezi. Kubembeleza ni kazi ya mwanamume mlevi anayegonga mlango uliofungwa. Mwanamke akiwa na neno zito alifunga kilemba. Kila mkunjo ulikuwa na jina lake, na jina ndilo neno: kuna Waache Waseme, ambao kila mtu aliuvaa hata kwenda dukani, kuna Ningoje Pembeni, kuna wa hasira ambao ukivaliwa uani watu huita watoto wao ndani. Unapita mbele ya mtu wako, anakisoma, anakujibu. Mdomo unabaki na heshima yake.

Kwa hiyo Hermina alingoja Orsine aseme, na Orsine hakusema. Wiki ya kwanza Hermina alikwenda kwake kama kawaida, akakaa kwenye kibao kando ya meza ya pasi. Orsine alikuwa dobi wa nguo za sherehe, yale magauni mapana yaitwayo koto, yanayotiwa wanga mpaka yanasimama yenyewe. Hakuna mkono uliopiga pasi kama wake. Lakini siku hiyo aliunguza sketi ya watu, akaigeuza upande wa pili, akaendelea kana kwamba hakuna kitu.

"Umeunguza," Hermina alisema.

"Najua."

"Akili yako iko wapi siku hizi?"

"Iko hapa hapa, bibi we. Ingekwenda wapi?"

Hermina akasema moyoni, iko Uholanzi hiyo. Akainuka, akaaga, na tangu siku ile hakulala tena kule. Alipita tu mchana, salamu ya mlangoni, na kila alipopita alingoja aitwe. Hakuitwa. Wiki tatu zikaenda hivyo, wote wawili wamevimba, na sisi tuliokuwa tunatazama tuliumwa vichwa.

Ijumaa kabla ya sherehe, maji yalimzidi Hermina unga. Alikuwa anamlisha mama yake, Bibi Apolonia, aliyekuwa na miaka tisini na hajashuka kitandani tangu masika ya mwaka juzi. Mwili ulikwisha, ulimi ulikuwa mzima.

"Wewe unalia kwenye uji wangu," Bibi Apolonia alisema. "Unautia chumvi."

"Silii."

"Yule dobi anakuacha?"

Hermina akaweka kijiko chini. Akalia kweli sasa, kichwa ubavuni mwa kizee yule, kilio cha sauti, hakujali jirani wala nani. "Anaondoka, mama. Na mimi siwezi kumfuata, nitakuacha na nani? Na hajaniambia hata neno. Hata neno moja!"

Kikongwe akamwacha alie. Halafu akasema, "Niletee kitambaa. Chekundu, kile kikubwa. Ukitie wanga wa muhogo, mzito."

Kulikuwa na mkunjo wa zamani ambao vijana hawakuujua. Wanawake wa enzi ya Bibi Apolonia waliufunga pale wanaume walipokuwa wanavuka mto kwenda msituni kugema mpira na kutafuta dhahabu, kwenda kusikorudiwa. Uliitwa Usivuke. Ukingo wa mbele unashushwa karibu ufunike nyusi, ncha mbili zinarudishwa nyuma ya masikio na kuingizwa ndani zisionekane. Aliyeuvaa amevua kiburi chote mbele za watu. Bibi Apolonia alimfunga bintiye mtu mzima, amepiga magoti kando ya kitanda, kwa vidole vilivyotetemeka. Alikosea mara nne, akatukana mara nne, mara ya tano kikakaa.

"Mimi nilikifunga mara moja," alisema.

"Akabaki?"

"Wewe umezaliwa na nani?"

Hermina akakivua kwa uangalifu kama anavyobebwa mtoto mchanga, akakiweka juu ya kabati. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu alilala usingizi. Mwenye macho haambiwi tazama, alijiambia. Orsine akikiona hiki, ataniita kando, atasema, na mimi nitasema, na tiketi ile ataisafiria mwingine.

Jumapili ua wa Orsine ulijaa mpaka barabarani. Miaka hamsini kwetu ni sikukuu kubwa, mtu haifanyi kimyakimya. Wapiga tarumbeta wa kanisa walisimama chini ya turubai, supu ya karanga ilichemka, kuku wa kuoka alikatwa vipande kama matofali. Mwenye sikukuu alikaa kwenye kiti kilichopambwa maua, bintiye amesimama nyuma yake, gauni la kizungu, amependeza, anatabasamu kwa kila mtu kwa sababu hakumbuki majina.

Mati wa mwenye sikukuu haingii kama mgeni. Huingia kwa maandamano. Hermina alitokea mwanzo wa mtaa na sinia la zawadi linatangulia juu ya kichwa cha Kornelia, maua, chupa, shuka iliyodariziwa, na nyuma yao wanawake ishirini wanaimba. Yeye alikuwa katikati, koto lake jeupe linapiga kelele za wanga, na kichwani Usivuke.

Wazee ndio waliokisoma kwanza. Bibi mmoja aliyekuwa anakula akafunika mdomo. Neno likapita kutoka kiti hadi kiti, na pale Hermina alipopita pakanyamaza, hata wapiga tarumbeta wakashusha vyombo bila kujua wanashushia nini. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kukiona. Hermina, mwenye kiburi kuliko wanawake wote wa soko, amekuja kuomba, hadharani, mchana kweupe! Kornelia mwenyewe, chini ya sinia, alikuwa anatokwa machozi.

Hermina akasimama mbele ya kiti. Orsine akainua uso, akamtazama sawasawa, akatabasamu.

"Karibu, Hermina. Rangi nyekundu imekukaa," alisema. "Na maua haya, mbona yananukia hivi! Umechuma bustani ya nani?"

Hermina akangoja. Lazima kuna kingine.

"Kaa basi, ule," Orsine alisema. "Nelline, mpe Mama Hermina kiti."

Hapakuwa na kingine. Hermina alikaa kwenye kile kiti alichopewa, akashika sahani, na chakula kikapoa mapajani mwake. Angetukanwa angejibu, angepigwa angepiga, lakini hili la kusomwa na kuulizwa habari za maua hakulijua dawa yake. Alihisi macho ya watu wote shingoni.

Kornelia hakuvumilia. Alishika kiuno katikati ya ua na kuanzisha wimbo wa kumpasha mtu, zile nyimbo zetu ambazo anayeimbwa hatajwi na kila mtu anamjua. Aliimba juu ya mwanamke aliyepewa moyo kwenye sahani akauliza chumvi iko wapi. Wanawake wakaitikia kwa nguvu, wakapiga makofi upande wa kiti chenye maua. Orsine aligeuza kichwa huku na huku, akamvuta bintiye, akamnong'oneza sikioni. Nelline akatikisa kichwa, hajui. Baadaye Orsine hakutabasamu tena, na Hermina aliona, akasema moyoni, vizuri, nawe uumie.

Jumatatu Hermina hakwenda sokoni. Jumanne, baada ya chakula cha mchana, Nelline alikuja kwake.

"Shikamoo, Mama Hermina. Samahani kukusumbua. Natafuta kadi ya kliniki ya mama, ya sukari. Anasema labda aliiacha kwako."

"Sina kadi."

"Sawa." Hakuondoka. Alikaa ukingoni mwa kiti, mtu mzima mwenye mkoba wa ngozi, akawa ghafla yule mtoto wa kusukwa nywele. "Nilitaka kuuliza pia. Kesho, uwanja wa ndege, utakuja? Mizigo ni mingi na mimi ni mmoja. Nahitaji mtu wa kumshika mkono mpaka mlangoni. Kumetengenezwa ngazi mpya, hazijui."

"Amshike mkono kwa nini? Ana miguu."

Nelline akamtazama. "Mama Hermina. Mama haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni. Jicho la kulia limekwisha tangu Pasaka. La kushoto anaona mwanga na rangi za nguo, basi, uso haujui mpaka mtu aseme. Nilidhani… mimi nilidhani wewe ndiye uliyekuwa unamwongoza. Kule kuna daktari anayepasua. Ameniandikia kwamba la kushoto linaweza kuokoka kama atalikata kabla ya Krismasi. Baada ya hapo hapokei lawama. Hapa hakuna wa kufanya hivyo, nimeuliza kila mahali."

Sketi iliyoungua ilimjia Hermina, na uso ule uliomtazama sawasawa ukasifia maua kwa sababu pua ndiyo iliyobaki. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini huyu maradhi yake yalikuwa yamemuumbua Hermina. Akatoka na kandambili, kichwa wazi, mwanamke ambaye hajawahi kuvuka mtaa bila kitambaa kichwani, akamwacha Nelline na Bibi Apolonia.

Orsine alikuwa peke yake, amekaa kitandani, sanduku limefunguliwa miguuni pake.

"Ni wewe," alisema kabla Hermina hajatoa sauti. "Mguu wa kushoto unauburuta."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nelline ana mdomo." Orsine akapapasa kitanda kando yake, na Hermina akakaa. "Nikuambie ili iweje? Una mgonjwa mmoja kitandani. Wa pili wa nini? Nilijisemea, nikimwambia atanibeba, namjua, atanibeba mpaka aanguke. Nikinyamaza atakasirika. Hasira hupoa."

"Mimi nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke wewe? Nimechoka na wanga, nimechoka na sukari, nimechoka na Kornelia." Wote wawili wakacheka, na kicheko kikawaishia vibaya. Orsine akautafuta mkono wake akaupata. "Sasa niambie jambo moja. Jumapili ulifunga kilemba gani?"

Hermina akainama, akaukunja ukingo wa shuka.

"Watu walinyamaza ulipoingia. Macho yamekufa, masikio sijayazika. Nikamuuliza Nelline, akaniambia chekundu, kimekunjwa vizuri. Ndiyo Uholanzi hiyo. Jana nikamuuliza Kornelia, akatema mate karibu na miguu yangu akaenda zake. Ningekuuliza palepale, lakini mbele ya watu mia? Wangejua wote kwamba sioni. Basi nikasifia maua." Alimbana vidole. "Lilikuwa neno gani?"

"Kwa nini unataka kujua?"

"Kwa sababu mwezi mzima nalingoja. Nilisema, Hermina mdomo wake mzito, atafunga kitambaani. Nikasema, akifunga nibaki, nabaki. Na daktari akate macho ya wengine. Nitakaa hapa gizani na wewe, nitajua njia ya kwako kwa miguu. Sikufanyii mzaha. Sema tu. Tiketi naichana sasa hivi, Nelline atalia wiki moja atanyamaza."

Neno lilikuwa ulimini. Katika miaka yake yote hamsini na tatu Hermina hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka kulitamka neno lile, na hapakuwa na mtu wa kumzuia, si Nelline, si mama yake, si serikali ya zamani wala mpya. Lilikuwa dogo, lingetoka kwa pumzi moja, na Orsine angebaki. Angebaki, na kabla ya Pasaka nyingine hata rangi nyekundu asingeiona. Halafu kila asubuhi Hermina angemtazama usoni, akijua ni nani aliyemfunga giza lile. Alimwomba Mungu ampe neno la tatu, lisilo kubaki wala kuondoka. Mungu hakumpa kitu. Alikuwa kimya kabisa siku ile, Mungu, na mimi sijamsamehe.

"Waache Waseme," Hermina alisema.

"Nini?"

"Nilifunga Waache Waseme. Basi."

"Hicho cha kila siku? Na watu wakanyamaza?"

"Nilikitia wanga mwingi. Kilisimama kama paa la kanisa, walikuwa wananicheka."

Sauti yake ilikuwa nzuri, kavu, ya sokoni. Uso wake ulikuwa umeharibika wote, na aliuacha uharibike.

Mkono aliokuwa ameushika, Orsine aliuachia polepole, akaupapasa mara moja juu, kama mtu anayempa mwenzake pole.

"Ah," alisema. "Kumbe."

"Kwani ulidhani nini?"

"Sikudhani kitu. Mtu mzima nikidhani mambo, si aibu?" Akajikohoza. "Nelline amelishindwa hili sanduku. Wewe una uzito, hebu lifunge."

Hermina akashuka sakafuni. Akaingiza mkono wa gauni uliokuwa unatokeza, akasukuma chini pasi ya mkaa ambayo Orsine hakukubali kuiacha, akashusha kifuniko. Hakikushuka. Akakalia, akajikandamiza kwa uzito wote, akavuta kamba ya ngozi upande wa kulia, kisha wa kushoto, mpaka vyuma vikaingiana.

"Limefungika?" Orsine aliuliza.

"Limefungika."